Uweusi wa Barack Obama ulivyofanya kazi katika siasa za Marekani

Mwezi Novemba 2008, Rais Mwai Kibaki alipoitangaza tarehe 6 kuwa siku ya mapumziko nchini Kenya kwa ajili ya ushindi wa Barack Obama, hapakuwa na mtu aliyehitaji kuelezwa mshindi huyo ni wa nani. Baba yake alikuwa Mluo wa Alego, Siaya, na kwa Waluo, kama ilivyo kwa jamii nyingi za ukanda huu, mtoto ni wa ukoo wa baba yake hata akizaliwa na kulelewa ng'ambo ya bahari. Marekani nayo ilimhesabu upande huohuo wa baba, lakini kwa hoja tofauti kabisa. Huko hapakuwa na ukoo uliomdai, bali palikuwa na kanuni ya siku nyingi, iliyopewa nguvu ya sheria katika majimbo kadhaa ya Kusini, kwamba tone moja la damu ya Mwafrika linatosha kumtoa mtu katika hesabu ya weupe. Virginia iliiandika kanuni hiyo waziwazi mwaka 1924. Mama yake Obama, Stanley Ann Dunham, alikuwa Mzungu aliyezaliwa Kansas, na alipomzaa mwanawe Honolulu tarehe 4 Agosti 1961, ndoa kama yake ilikuwa bado imepigwa marufuku katika majimbo mengi. Ni hukumu ya Mahakama ya Juu ya mwaka 1967, katika shauri la Loving dhidi ya Virginia, iliyoyafuta makatazo hayo katika majimbo 16 yaliyokuwa bado yanayashikilia.

Swali linaloulizwa mara nyingi kuhusu urais wake ni kama alipingwa kwa sababu ya rangi yake. Likiulizwa hivyo halina mwisho, kwa kuwa anayejibu ndiyo atapata ushahidi wa kutosha, na anayejibu hapana naye hatakosa wake. Nadhani tunafika mbali zaidi tukiacha kupima mioyo ya watu na kuangalia uweusi wake ulifanya kazi gani: ulimpatia kura zipi, ulimfunga mdomo katika mambo gani, na uliwaambia nini wananchi ambao kwa kawaida hawafuatilii siasa. Nikiutazama kwa namna hiyo, naona kwamba ulifanya kazi kubwa zaidi vichwani mwa wapiga kura kuliko katika sera alizozitunga, na kwamba tokeo lake kubwa lilikuwa kuifunga rangi pamoja na chama kwa fundo lililokaza kuliko lile alilolikuta.

Tuanze na Wamarekani weusi, ambao hawakumkubali mara moja. Mwaka 2000 Obama, wakati huo seneta katika bunge la jimbo la Illinois, alimpinga Bobby Rush katika mchujo wa chama cha Democratic kwa kiti cha Baraza la Wawakilishi kinachohusu upande wa kusini wa Chicago. Rush aliwahi kuwa mwanachama wa Black Panther, kundi la wanaharakati weusi la miaka ya 1960, na alijulikana mtaa kwa mtaa. Obama alikuwa mhadhiri wa sheria wa Chuo Kikuu cha Chicago, aliyehitimu Harvard na kukulia Hawaii na Indonesia. Alisemwa kuwa ni mgeni, msomi aliyeundwa na vyuo vya Wazungu, na siku ya kura akapata takriban nusu tu ya kura za Rush. Miaka minne baadaye, alipowania Seneti ya Marekani dhidi ya Alan Keyes, mweusi mwenzake wa chama cha Republican, shutuma ilirudi kwa sura nyingine. Keyes alisema kwamba wawili hao ni wa rangi moja kwa mwili lakini si wa urithi mmoja, kwa kuwa mababu wa Obama hawakuwa watumwa katika nchi ile.

Hoja ya Keyes haikumsaidia kitu, maana Obama alishinda kwa asilimia 70, lakini haikuwa upuuzi. Kwa Wamarekani weusi, uweusi haukomei kwenye ngozi. Ni historia ya utumwa, ya sheria za utengano Kusini, ya kunyimwa mikopo ya nyumba katika miji ya Kaskazini, na ya makanisa yaliyozaliwa ndani ya mateso hayo. Kijana aliyelelewa na mama yake, na kwa miaka mingi na bibi na babu Wazungu, hakuwa amerithi historia hiyo. Aliingia humo kwa kuichagua: kwa kazi yake ya kuwaunganisha wakazi maskini wa Chicago katika miaka ya 1980, kwa kujiunga na kanisa la Trinity United Church of Christ, na kwa kumwoa mwaka 1992 Michelle Robinson, ambaye mmoja wa mababu zake alikuwa mtumwa katika shamba kubwa huko South Carolina. Katika sensa ya mwaka 2010, akiwa tayari rais na fomu ikimruhusu kuweka alama kwenye zaidi ya kundi moja, aliweka alama moja tu, ile ya mtu mweusi.

Waliowageuza wapiga kura weusi, ajabu ni kwamba, ni Wazungu wa Iowa. Hadi mwishoni mwa mwaka 2007, Hillary Clinton, mpinzani wa Obama katika mchujo wa urais wa Democratic, alikuwa na wafuasi wengi sana miongoni mwa weusi. Wengi wao walimpenda Obama, ila hawakuamini kwamba Wazungu wangempigia kura, na watu walioonewa kwa muda mrefu hujifunza kupiga kura kwa hesabu kuliko kwa mapenzi. Tarehe 3 Januari 2008 Obama alishinda Iowa, jimbo ambalo zaidi ya wakazi tisa kati ya kumi walikuwa Wazungu. Wiki tatu baadaye, huko South Carolina, ambako takriban nusu ya wapiga kura wa mchujo wa Democratic walikuwa weusi, alipata asilimia 55 ya kura zote na karibu kura nne katika kila tano za weusi. Bill Clinton, rais wa zamani na mume wa Hillary, akawakumbusha waandishi kwamba hata Jesse Jackson, mchungaji mweusi aliyewania urais, aliwahi kushinda jimbo hilo, mwaka 1984 na 1988. Kwa maneno yalikuwa ukweli wa kihistoria, lakini weusi wengi waliyasikia kama njia ya kumrudisha Obama kwenye kibanda cha mgombea wa weusi peke yao.

Siku zilezile Iowa ilipokuwa inapiga kura, Kenya ilikuwa inawaka kwa ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, na utani mchungu ukazunguka kwamba Marekani itampata rais Mluo kabla ya Kenya. Utani ule uligusa jambo la kweli kuliko ulivyokusudia. Rangi kule, kama kabila kwetu, si lazima itajwe jukwaani ili ihesabiwe kwenye sanduku la kura, na mgombea anayetoka kundi lenye shaka juu yake hutakiwa kuthibitisha kila siku kwamba hakuja kulipiza kisasi wala kugawa ulaji kwa watu wake.

Ili kuelewa kura alizozipata, lazima kurudi nyuma kidogo. Hadi miaka ya 1960 Wazungu wa Kusini walikuwa nguzo ya chama cha Democratic. Rais Lyndon Johnson, naye Mdemokrat wa Texas, alipotia saini Sheria ya Haki za Kiraia mwaka 1964 na Sheria ya Haki ya Kupiga Kura mwaka 1965, Wazungu hao walianza kuhamia Republican, na weusi wakajifunga kwa Democratic karibu wote. Tangu ushindi wa Johnson mwaka 1964 hakuna mgombea urais wa Democratic aliyepata kura nyingi za Wazungu kuliko mpinzani wake wa Republican. Kwa hiyo, tunaposoma kwamba Obama alipata asilimia 43 ya kura za Wazungu mwaka 2008 kwa mujibu wa maswali waliyoulizwa watu wakitoka vituoni, tusikimbilie kuiita asilimia 57 iliyobaki kuwa ni wabaguzi. John Kerry, Mzungu aliyekuwa mgombea wa Democratic, alikuwa amepata 41 miaka minne kabla. Obama alifanya vizuri zaidi yake, akashinda Virginia, North Carolina na hata Indiana, akapata kura 365 za wajumbe wa uchaguzi, ambazo ndizo huamua mshindi wa urais, dhidi ya 173 za John McCain wa Republican.

Hata hivyo, hesabu hiyo nayo haitoshi kumaliza shauri. Mwaka 2008 ulikuwa mwaka wa benki kuanguka, vita vya Iraq kuchukiwa na George W. Bush kumaliza muda wake akiwa amechokwa na wananchi, na katika hali kama hiyo Mdemokrat yeyote angetarajiwa kupanda sana. Palipo na ubishi wa kweli baina ya watafiti ni kama Obama alipanda kadiri ambavyo mgombea Mzungu angepanda katika mazingira yale. Waliochunguza tofauti baina ya eneo na eneo wamedai kwamba rangi ilimgharimu asilimia kadhaa za kura, na wengine wamejibu kwamba hasara hiyo ilifidiwa na wingi wa weusi na vijana waliojitokeza. Ninachoweza kusema kwa uhakika ni kwamba mwaka 2012, alipomshinda Mitt Romney wa Republican kwa kura 332 za wajumbe, sehemu yake ya kura za Wazungu ilishuka hadi 39, huku weusi wakimpa asilimia 93 na Walatino 71. Alishinda kwa muungano uliokuwa unazidi kutofautiana kwa rangi na ule wa wapinzani wake.

Muungano huo ulikuwa na sharti lisiloandikwa, nalo ni kwamba Obama asiuzungumzie uweusi wake isipokuwa pale anapolazimika. Mara ya kwanza kulazimika ilikuwa Machi 2008, televisheni zilipoanza kurusha mahubiri ya mchungaji wake, Jeremiah Wright, aliyeilaani Marekani kwa jinsi ilivyowatendea weusi. Tarehe 18 mwezi huo, mjini Philadelphia, Obama alitoa hotuba yake inayojulikana zaidi kuhusu rangi. Aliyakataa maneno ya Wright bila kumkana Wright mwenyewe, akamlinganisha na bibi yake Mzungu, aliyempenda kuliko kitu chochote lakini aliyewahi kukiri kwamba huwaogopa wanaume weusi wanaopishana naye barabarani. Akaeleza hasira ya weusi, kisha akaeleza hasira ya Wazungu wa tabaka la kufanya kazi wanaoona kwamba mtoto wa mwingine anapendelewa kwa kosa ambalo wao hawakulitenda. Ufundi wa hotuba ile ulikuwa katika kuzigawa lawama kwa usawa, na hapo ndipo ulipokuwa udhaifu wake, kwa sababu manung'uniko ya aliyetengwa na manung'uniko ya aliyepoteza upendeleo si mambo ya uzito mmoja. Wiki chache baadaye Wright aliendelea kusema hadharani, na Obama akavunja uhusiano naye.

Alipokuwa rais, aliona bei ya kutoka nje ya sharti hilo mapema sana. Julai 2009, mwanazuoni Henry Louis Gates wa Harvard, mweusi, alikamatwa na polisi mlangoni pa nyumba yake mwenyewe mjini Cambridge baada ya mtu kupiga simu akidhani kuna wezi. Mwisho wa mkutano wa waandishi uliokuwa unahusu bima ya afya, Obama aliulizwa, akajibu kwamba polisi walifanya upumbavu. Sentensi hiyo moja ilifunika saa nzima ya maelezo ya afya. Kura za maoni za siku zile zilionyesha kibali chake miongoni mwa Wazungu kikishuka, na mambo yakaishia kwa Gates na askari aliyemkamata kualikwa Ikulu kunywa bia pamoja na rais na makamu wake. Kwa miaka miwili na zaidi iliyofuata Obama alikaa mbali na masuala ya namna hiyo kadiri alivyoweza. Mwezi Septemba mwaka huohuo, mbunge Joe Wilson wa South Carolina alipompigia kelele katikati ya hotuba yake bungeni kwamba anasema uongo, rais mstaafu Jimmy Carter alisema hadharani kwamba uadui wa namna hiyo unatokana na rangi, na aliyekanusha ni Obama mwenyewe, aliyetania katika kipindi cha televisheni cha David Letterman kwamba alikuwa mweusi hata kabla ya uchaguzi.

Upande wa pili wa sharti hilo ni kwamba wapinzani nao hawakuweza kuitaja rangi yake waziwazi, kwa kuwa tangu miaka ya 1960 mwanasiasa wa kitaifa anayefanya hivyo hujichafua. Kwa hiyo rangi ilitafuta mavazi mengine, na vazi lililomkaa Obama lilikuwa la ugeni. Hapa ndipo Kenya ilipoingizwa katika siasa za Marekani kwa namna ambayo sisi wa ukanda huu tuliifuata kama kichekesho, ilhali ilikuwa kazi nzito ya kisiasa. Katiba ya Marekani inataka rais awe raia wa kuzaliwa. Uvumi kwamba Obama alizaliwa Kenya ulianza wakati wa kampeni za 2008, na kampeni yake ikatoa hati ya kuzaliwa mwezi Juni. Magazeti mawili ya Honolulu yalikuwa yamechapisha tangazo la kuzaliwa kwake Agosti 1961. Uvumi haukufa. Oktoba 2008 mhubiri mmoja wa Marekani alimpigia simu Mama Sarah, bibi yake wa kambo wa Kogelo, na kuzungumza naye kupitia mkalimani. Kipande kinachoonekana kama anasema alikuwepo mjukuu wake alipozaliwa kikasambazwa, huku sehemu inayofuata, ambamo familia inasisitiza kwamba mtoto alizaliwa Hawaii, ikiachwa nje. Mwaka 2009 kilizuka cheti kilichodaiwa kutoka hospitali ya Mombasa, kikiwa na jina la Jamhuri ya Kenya na tarehe ya Februari 1964. Mwanafunzi wa darasa la saba wa Kenya angeweza kukikataa, maana Kenya ilikuwa Jamhuri tarehe 12 Desemba mwaka huo, miezi kumi baadaye.

Kinachofundisha zaidi ni kumlinganisha na mpinzani wake. John McCain alizaliwa mwaka 1936 katika eneo la Mfereji wa Panama, nje kabisa ya majimbo ya Marekani, na suala lake likamalizwa Aprili 2008 kwa azimio la Seneti lililopita bila kelele, lililomtambua kuwa raia wa kuzaliwa. Obama, aliyezaliwa ndani ya jimbo la Marekani, aliendelea kudaiwa karatasi. Machi 2011 Donald Trump, wakati huo mfanyabiashara na mtangazaji wa televisheni, aliichukua hoja hiyo na kuizungusha katika kila kituo. Tarehe 27 Aprili Ikulu ikatoa cheti kirefu. Trump hakukiri kwamba Obama alizaliwa Marekani hadi Septemba 2016, akiwa tayari mgombea wa Republican. Katikati ya hayo, Newt Gingrich, aliyewahi kuwa Spika wa Baraza la Wawakilishi, alidai mwaka 2010 kwamba Obama anaeleweka tu kwa kuijua tabia ya Kikenya ya kupinga ukoloni, na Mike Huckabee mwaka 2011 akasema Obama alikulia Kenya na kupata huko mtazamo wa Mau Mau, kauli aliyolazimika kuirekebisha. Obama alikanyaga Kenya kwa mara ya kwanza akiwa mtu mzima, mwishoni mwa miaka ya 1980. Lakini usahihi haukuwa lengo. Lengo lilikuwa kumwambia msikilizaji kwamba huyu si mwenzetu bila kutamka neno mweusi. Uislamu ulitumika vilevile: Agosti 2010 taasisi ya utafiti ya Pew ilikuta Wamarekani 18 katika kila 100 wakiamini kwamba rais wao, Mkristo, ni Mwislamu.

Jambo hili pia linaeleza lawama ambayo wengi wa kwetu walikuwa nayo, kwamba mtoto alisahau nyumbani. Katika muhula wake wa kwanza, Obama alifika nchi moja tu kusini mwa Sahara, Ghana, mwezi Julai 2009. Mwaka 2013 alikwenda Senegal, Afrika Kusini na Tanzania, akaruka Kenya, ambako Uhuru Kenyatta na William Ruto walikuwa wakikabiliwa na mashtaka katika mahakama ya kimataifa ya The Hague. Alipofika Nairobi hatimaye, Julai 2015, hakuwa na uchaguzi mwingine mbele yake, na katika dhifa ya Ikulu alitania kwamba wapinzani wake nyumbani watadhani amekuja kutafuta cheti chake cha kuzaliwa. Kwa mwanasiasa aliyeshambuliwa kwa Kenya kwa miaka saba, kila picha akiwa Kogelo ilikuwa na gharama, na sidhani kama tuliomlaumu tuliipiga hesabu hiyo.

Sasa hoja ya upande wa pili, ambayo inastahili kusikilizwa vizuri. Bill Clinton, Mzungu wa Arkansas, alichunguzwa kwa miaka na kushtakiwa na Baraza la Wawakilishi mwaka 1998. Vyama viwili vilikuwa vinaachana tangu zamani, na Mitch McConnell, kiongozi wa Warepublikan katika Seneti, aliposema mwaka 2010 kwamba lengo lao la kwanza ni kuhakikisha Obama anatawala muhula mmoja, alikuwa anafanya kazi ambayo kiongozi yeyote wa upinzani angeifanya. Vuguvugu la wahafidhina la Tea Party, lililoanza 2009, lilijieleza kwa lugha ya kodi na deni la taifa, na mwaka uliofuata Warepublikan walinyakua viti 63 zaidi katika Baraza la Wawakilishi. Hayo yote yangeweza kutokea kwa rais Mzungu wa Democratic katikati ya uchumi ulioanguka.

Walakini kuna ushahidi ambao ushindani wa vyama peke yake hauelezi. Mwanasayansi wa siasa Michael Tesler alilinganisha maoni ya wananchi kuhusu mpango wa afya wa Clinton wa 1993 na ule wa Obama, akakuta kwamba pengo baina ya weusi na Wazungu lilikuwa kubwa zaidi kwa takriban pointi 20 katika zama za Obama. Tena, watu walipoulizwa kuhusu mapendekezo yaleyale, kwa wengine yakitajwa kuwa ya Obama na kwa wengine ya Clinton, mtazamo wa mtu kuhusu weusi uliamua zaidi jibu lake pale jina la Obama lilipotajwa. Bima ya afya si jambo la rangi kwa asili yake. Lilipata rangi kwa sababu ya aliyelibeba. Na hili halikuwa la upande mmoja, kwani weusi nao walizidi kuziunga mkono sera zake kwa sababu ni zake.

Walipata nini weusi wenyewe? Obama alirudia mara nyingi kwamba yeye ni rais wa Marekani yote na si wa Marekani ya weusi, na sera zake zilipangwa ziwaguse wote kwa dhana kwamba zitawafikia zaidi wenye shida zaidi. Sheria ya afya aliyoitia saini Machi 2010 iliwapa weusi wengi bima ambayo hawakuwa nayo. Mwaka huohuo alitia saini sheria iliyopunguza tofauti ya adhabu baina ya kokeini ya kawaida na ile ya mawe (crack), iliyokuwa inawajaza weusi magerezani, kutoka uwiano wa 100 kwa 1 hadi 18 kwa 1, na hadi anaondoka alikuwa amewapunguzia adhabu wafungwa 1,715. Lakini mali ya familia za weusi ilikuwa nyumba, na nyumba ndizo zilizoporomoka. Kwa hesabu za Pew, mali ya familia ya kati ya weusi ilishuka kutoka dola 16,600 mwaka 2010 hadi 11,000 mwaka 2013, huku ya Wazungu ikipanda kidogo, kutoka 138,600 hadi 141,900. Mwanafalsafa Cornel West alimshutumu vikali kwa kuwaokoa wenye mabenki na kuwaachia weusi mawaidha juu ya wajibu wa akina baba. Wapiga kura weusi walio wengi hawakumfuata West, na ninavyoona si kwa kutoijua hesabu hiyo: walijua pia ni kitu gani kingemwangusha.

Alianza kulegeza ulimi baada ya kifo cha Trayvon Martin, kijana mweusi wa miaka 17 aliyepigwa risasi Florida Februari 2012. Alisema kwamba kama angekuwa na mtoto wa kiume, angefanana naye, na muuaji alipoachiwa huru Julai 2013 akaongeza kwamba Trayvon angeweza kuwa yeye mwenyewe miaka 35 iliyopita. Kabla ya kauli hizo wanasiasa wa pande zote walikuwa wakisikitika kwa namna inayofanana. Baada yake kesi ikawa ya vyama, na maoni yakagawanyika kama yanavyogawanyika kuhusu kodi. Kuanzia hapo, na hasa baada ya Michael Brown, kijana mweusi, kuuawa kwa risasi na polisi huko Ferguson Agosti 2014, kizazi kipya cha wanaharakati weusi kiliingia barabarani chini ya rais mweusi na Mwanasheria Mkuu mweusi, Eric Holder, kikiuliza uwakilishi huo unanunua nini ikiwa polisi ni walewale. Wizara ya Holder ilichunguza Ferguson, na ripoti yake ya Machi 2015 ilieleza jinsi mji ule ulivyowatoza weusi faini ili kujaza hazina. Mamlaka ya polisi, hata hivyo, yako mikononi mwa maelfu ya miji na kaunti, si mikononi mwa rais.

Wakati huohuo ushindi wake ulikuwa hoja ya watu wengine. Mwaka 2012, kwa takwimu za idara ya sensa, sehemu ya weusi waliojitokeza kupiga kura ilipita ile ya Wazungu. Tarehe 25 Juni 2013, katika shauri la Shelby dhidi ya Holder, Mahakama ya Juu kwa majaji watano dhidi ya wanne ilifuta kipengele cha sheria ya 1965 kilichoamua ni majimbo gani, mengi yao ya Kusini, yanayopaswa kupata idhini ya serikali kuu kabla ya kubadili kanuni za uchaguzi. Jaji Mkuu John Roberts aliandika kwamba nchi imebadilika, na akaonyesha takwimu za weusi walioandikishwa na kupiga kura. Siku ileile Texas ilitangaza kwamba itaanza kuitekeleza sheria yake ya vitambulisho vya mpiga kura, iliyokuwa imezuiwa.

Mwaka 2016 Trump alishinda, na zaidi ya kaunti 200 zilizompigia Obama mara mbili zilimpigia yeye. Wengi huzitumia kaunti hizo kama uthibitisho kwamba rangi haikuhusika, kwa kuwa mbaguzi asingempigia Obama. Nadhani hoja hiyo inakosea mpangilio wa wakati. Mwaka 2007 Wazungu wenye elimu ndogo walikuwa wamegawanyika karibu sawa baina ya vyama viwili, na wengi wao hawakuwa na picha ya wazi ya msimamo wa kila chama kuhusu weusi. Kufikia 2015, kabla Trump hajapigiwa kura hata moja, Republican ilikuwa inaongoza miongoni mwao kwa zaidi ya pointi 20. Katikati ya tarehe hizo mbili walikuwa wamemwona mtu mweusi kila jioni kwenye televisheni akiwa uso wa chama cha Democratic, na hawakuhitaji kusoma ilani ya mtu yeyote. Viwanda vilivyofungwa Michigan na Wisconsin vilikuwa vya kweli, lakini vilikuwa vimeanza kufungwa zamani, na weusi waliopoteza kazi katika viwanda hivyohivyo hawakuhamia Republican. Walichofanya baadhi yao ni kubaki nyumbani: sehemu ya weusi waliopiga kura nchini ilishuka kutoka zaidi ya asilimia 66 mwaka 2012 hadi chini ya 60 mwaka 2016, na katika Michigan, Wisconsin na Pennsylvania, majimbo ambayo Trump aliyachukua kwa jumla ya kura zisizofika 80,000, upungufu huo nao ulikuwa na uzito wake kando ya kura za Wazungu waliohama.